Miti ya Lango la Zizi

Benedikta alikuwa ameinamia karai, ananyonyoa kuku, huku kwa mara nyingine anamsimulia binti yake kisa kile kile ambacho Esta alikisikia tangu hajaota meno.

"Hapo ndipo mama mkubwa Robi alipompiga dume fimbo ya pua," Esta alimdakia. Alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, na mchele katika nyumba ile ya Bweri ulikuwa haujapikwa tangu Krismasi; leo alikuwa anatarajiwa Robi mwenyewe.

"Dume nani angethubutu? Alimpiga jike jekundu, dume akafuata. Sikiliza vizuri, na wewe utawasimuliaga wa kwako."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka ule kabla ya Uhuru, kule kijijini kwao juu ya Nyamuswa, Robi aliposwa na mzee ambaye mjukuu wake alikuwa anasoma nao darasa moja. Robi hakuulizwa. Ng'ombe wa mahari walifika asubuhi, wakaingizwa zizini, wazee wakakaa kunywa. Robi akamfuata rafiki yake Benedikta kisimani, akamwambia, "Mimi nitaingia ndani niwaswage. Wewe toa miti ya lango."

Benedikta wakati huo alikuwa mtoto wa kuogopa hata kivuli chake. Darasani hakuwahi kunyoosha kidole, hata jibu akilijua. Lakini siku ile alitoa miti. Aliitoa huku analia, mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wakamiminika nje mbele ya macho ya wakwe, wakashika njia ya kwao. Wenye mali waliona aibu, wakafuata mali yao, na posa ikafa hapo hapo. Wasichana wale wawili walichapwa hadi wakalala kifudifudi. Robi akageuza uso kwenye mkeka, akasema, "Bena, umeona? Kumbe inawezekana."

Neno hilo Benedikta alilibeba maisha yake yote kama watu wanavyobeba rozari mfukoni. Mume wake Stanislausi, fundi seremala, alipofariki, wazee wa ukoo kule Butiama walitaka arithiwe na shemeji yake Wanzagi. Alisema hapana. Walipomuuliza kiburi hicho amekitoa wapi, alijibu kwamba hakikuwa kiburi. Ni kwamba utotoni alikuwa na rafiki. Wanzagi hakulijibu neno lile. Alilimeza tu, likakaa.

Na huko nyuma ya nyumba kulikuwa na Shukuru, amefungwa chini ya mti wa mlonge, anacheua. Ng'ombe yule aliletwa na Robi mwaka uleule wa msiba, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni inakatwa vipande kama nyama, na hata sanda ya Stanislausi ilitafutwa kwa kibali. Robi alikuwa ameshafiwa na mumewe naye, anakaa Nyasura pale Bunda, anauza dagaa na vitu vilivyovuka mpaka bila kupiga hodi. Alikuja na mtamba mwekundu kwenye kamba, akasema, "Wezi wa ng'ombe siku hizi wana bunduki, Bena. Nikiwaweka wote zizi moja nitaamka fukara. Nikuwekeshee huyu. Akizaa, maziwa wape watoto."

Kuwekesha ng'ombe kwa rafiki si jambo geni Mara. Ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe, maziwa ni ya anayemtunza, na hakuna karatasi wala shahidi. Shahidi ni urafiki wenyewe. Benedikta akampa mtamba jina la Shukuru, akamchunga kama mtoto wa ubatizo. Wakati watu wanapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, watoto wake walikuwa na maziwa. Renatus alikua mrefu, sasa yuko Geita kwenye dhahabu. Esta alimaliza la saba na sasa, akiwa na miaka kumi na saba, anajifunza ushonaji kwa masista, huko huko mama yake anakofanya kibarua. Kila jioni akikamua, Benedikta alikuwa anamtaja Robi katika sala kabla hajawataja hata ndugu zake wa damu.

Ndiyo maana honi iliposikika barabarani, aliacha kuku kwenye karai akakimbia na manyoya mikononi.

"Robi wee!"

"Bena wangu! Mbona umekonda? Hawa masista hawakulishi?"

"Masista wananilisha sala. Wewe mbona umenenepa kama gunia la pamba?"

"Ruksa hiyo, mwenzangu! Biashara zimefunguliwa, na mwili nao umefunguka."

Walikumbatiana wakacheka. Robi alivaa kitenge kipya cha wax na viatu vya ngozi vya mitumba, na pikapu lilikuwa lake mwenyewe. Nyuma yake alishuka Mzee Burito, kaka wa marehemu mumewe, na fimbo yake. Benedikta akamwamkia kwa heshima. Kisha akashuka mtu wa tatu, na Benedikta akashtuka kidogo, mshtuko mdogo tu, kama wa kujikwaa.

"Shemeji Wanzagi? Nyie mmekutana wapi?"

"Njia ni moja, shemeji," Wanzagi alijibu, akatazama bati la nyumba kana kwamba analihesabu.

Walikula. Kuku akatosha, wali ukasifiwa. Esta alipitisha maji ya kunawa amepiga goti, na Mzee Burito akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akamtazama Robi na kutikisa kichwa kwa kukubali. Benedikta aliona. Alikuwa mtu wa kuona. Moyoni akawaza, lo, kumbe wamekuja kuposa! Robi hakujaliwa mtoto, lakini huenda kuna mpwa, kijana wa kwao. Akajikuta anafurahi. Nyumba ya Robi kuwa nyumba ya mwanawe, angeomba nini zaidi?

Mzee Burito alikohoa.

"Mama Esta, sisi hatukuja kwa ajili ya kuku, ingawa hii kuku ilikuwa na haki yake. Nyumba ya ndugu yangu kule Nyasura moto umezimika. Tumetembea, tumechungulia majiko ya watu, tukaona kaa la moto liko hapa. Tumekuja kuomba kaa."

Benedikta alitabasamu, akakunja mikono mapajani kama inavyompasa mama. "Karibuni, wazee wangu. Kaa lipo, ila linajifunza cherehani, msilichukue haraka. Sasa huyo kijana mwenyewe ni nani, na anasali wapi?"

Wanzagi alirudi kutazama bati. Mzee Burito alitazama ncha ya fimbo yake. Robi ndiye aliyesema, kwa sauti ile ile ya kawaida aliyoombea chumvi mezani.

"Kijana hakuna, Bena. Anayeoa ni mimi."

Benedikta alimsikia vizuri sana. Sikio lilisikia, lakini kichwa kiligoma kupokea, kama mtu anayekataa mzigo mlangoni. Alibaki na tabasamu lake usoni, halina kazi tena, hajui pa kuliweka.

Si kwamba jambo lenyewe hakulijua. Nani wa Mara asiyelijua? Nyumba ntobu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anamuoa msichana, anachaguliwa mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanaitwa wa nyumba ya yule mwanamke. Bibi za watu walifanya hivyo na wengine wakaishi kwa amani. Lakini Robi! Robi aliyechapwa hadi akalala kifudifudi. Robi wa fimbo ya jike jekundu!

"Na huyo wa kuzaa naye?" alisikia sauti yake inauliza, kavu.

"Atatafutwa," alisema Mzee Burito.

"Ameshatafutwa," Wanzagi akamrekebisha. "Mtu mzima, mtulivu, ana wake wawili na hana fujo."

Kitu kilianguka mlangoni. Esta alikuwa amesimama pale, sinia miguuni, vikombe vinabingirika sakafuni. Hakuviokota. Alimtazama Robi, mwanamke aliyemletea pipi na daftari tangu akiwa mdogo, akasema kwa upole uliomtisha hata mama yake:

"Mama mkubwa, kuanzia sasa nitakuwa nakuitaje? Baba?"

Mzee Burito alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Toka nje, wewe," alisema Wanzagi. "Shemeji, tusizungushane. Ng'ombe wako zizini kwangu Butiama tangu juzi. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba ya marehemu, nimepokea. Na aliyewatangulia ni huyu hapa nyuma, mwekundu."

"Shukuru?" Benedikta alisimama. "Shukuru ni wa urafiki! Amewekeshwa tu!"

"Miaka sita? Ng'ombe wa watu amekaa kwako, maziwa mmekunywa, msichana amekua kwa maziwa hayo. Wazee wa ukoo wanahesabu hivyo. Jumatano tunakutana kwangu, wewe uje na binti, akabidhiwe."

Benedikta alimgeukia Robi. Alisubiri amwambie shemeji yake kwamba amekosea, kwamba ng'ombe yule aliletwa kwenye msiba, siku ambayo Esta alikuwa mtoto anayelilia baba yake. Robi alikuwa anafuta vidole kwa leso, kimoja kimoja.

"Robi, nifuate jikoni," alisema Benedikta.

Jikoni moshi ulikuwa bado haujaisha. Robi aliketi kwenye kigoda cha Esta, kitenge cha wax kikagusa majivu, hakujali.

"Ulimleta kwa ajili hiyo?" Benedikta aliuliza. "Mwaka ule, Stanislausi hana hata wiki kaburini, ulileta ng'ombe wa kumnunua mwanangu?"

"Hapana. Mungu anisikie, hapana. Siku ile nilikuletea maziwa. Hayo ya kuhesabu ni ya Wanzagi. Lakini sikumkatalia."

"Kwa nini Esta? Bunda nzima haina wasichana?"

"Wapo. Wanaletwa kila siku, na baba zao wanaulizia bei kama dagaa. Mimi nilitaka wa kwako. Ningekuwa na mjukuu wa tumbo la nyumba yako, Bena. Tungekuwa damu moja. Nilifikiri utafurahi!" Na alivyosema neno hilo la mwisho, Benedikta aliona kwamba ni kweli, kwamba mwenzake alitoka Bunda anaimba njiani, na hilo likamuumiza zaidi kuliko kama angekuja na hila.

"Robi, umesahau? Umesahau lango? Mimi kila siku namsimulia huyu mtoto—"

"Najua unamsimulia. Ameniambia. Ndiyo maana silalagi hapa kwako."

"Kwa nini?"

Robi aliokota ukuni uliozimika, akauchokonoa majivuni.

"Yule mzee alikufa miaka mitatu baada ya siku ile. Unajua hilo? Msichana aliyeolewa baada yangu, na ng'ombe wale wale, ana wana wanne. Wana wanne, Bena! Mmoja ni dereva wa basi. Akipita Nyasura anampigia mama yake honi. Mimi niliyechagua mwenyewe, nikaolewa kwa mapenzi, kanisani, na shela, nilipata nini? Mume akafa, hakuna mtoto. Ndugu zake walinitoa nyumbani wakaniachia sufuria. Haya yote niliyonayo nimeyatafuta kwa miguu yangu, na nikifa kesho, Burito na wanawe watagawana kabla sijapoa. Hakuna atakayelitaja jina langu. Kila nikifunga macho naliona lile lango. Najiuliza ningekaa tu kimya siku ile, leo ningekuwa nani."

Benedikta alirudi nyuma hatua moja. Alishika ukuta.

"Ulisema inawezekana," alinong'ona. "Kwenye mkeka. Ulisema kumbe inawezekana."

"Nilikuwa mtoto. Nilisema ili usiendelee kulia." Robi aliinua macho, mekundu kwa moshi au kwa kingine. "Na nikuambie neno moja, usinichukie. Kuna siku nilikulaumu hata wewe. Nilisema, angeogopa kama alivyokuwa anaogopaga siku zote, asingetoa miti, ng'ombe wasingetoka."

Pikapu lilipoondoka, Benedikta hakwenda kulisindikiza. Alibaki pale jikoni. Miaka yote ile, kila alipopiga hodi kwenye ofisi ya mtu mkubwa, kila alipowaambia wazee hapana, alikuwa anamuona Robi amesimama katikati ya ng'ombe na fimbo. Aliishi kwa kumtazama. Sasa mwenyewe amegeuka amemwambia, mimi nilishatoka pale zamani, wewe ulikuwa unamtazama nani?

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alikwenda misa, akaimba, akapokea komunyo, na hakusikia neno hata moja. Baada ya misa alimweleza padre, padre akashtuka, akaahidi kwenda kuongea na Wanzagi wiki inayofuata. Wiki inayofuata! Balozi wa nyumba kumi alimwambia, "Mama, hayo ni mambo ya mila, mimi chama changu hakimo." Jirani yake Nyamburi alikuja kumpa pole, akakaa, akauliza kwa chinichini kama huyo mama wa Bunda hahitaji wa pili, maana yeye ana mabinti watatu nyumbani na wachumba hakuna.

Jioni alikwenda kukamua. Esta alikuwa ameshatangulia, ameinama ubavuni mwa Shukuru, lakini hakamui. Ameegemeza kichwa tu.

"Mama, ulinidanganya?"

"Nimekudanganya nini?"

"Kwamba mama mkubwa hakuogopa. Nilisikia jikoni. Kumbe alikuwa anaogopa kuliko wewe, ila uoga wake ulichelewa."

Benedikta alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ng'ombe aliwapungia mkia wote wawili.

"Sikukudanganya," alisema. "Ng'ombe walitoka. Nani alijuta baadaye, nani hakujuta, ng'ombe walitoka. Na miti niliitoa mimi kwa mikono hii. Yeye hajui jinsi ilivyokuwa mizito. Yeye alikuwa ndani." Akasimama. "Mkamue. Kesho tunasafiri naye."

Walianza safari alfajiri ya Jumatatu, mama, binti na ng'ombe kwenye kamba. Toka Bweri mpaka Butiama si mwendo wa kuchezea kwa mtu mzima, sembuse kwa ng'ombe wa maziwa aliyezoea kivuli. Watu wa kwenye mabasi waliwachungulia dirishani. "Mama, unapeleka mahari?" kijana mmoja aliwapigia kelele. "Naenda kuyatapika!" Benedikta alijibu, na basi zima likacheka bila kujua linacheka nini. Walipumzika kila palipokuwa na majani, wakalala Makutano siku mbili kwa Mama Keraryo, mwenzake wa jumuiya za kina mama wa kanisa. Mama Keraryo hakuuliza maswali. Alimpa Shukuru maji kabla hajawapa wao, na Benedikta alimbariki kwa hilo.

Jumatano jua lilikuwa limeshakolea walipofika kwa Wanzagi. Boma lilijaa. Wazee wako kivulini na pombe ya mtama, wanawake wako kwenye masufuria, na Robi ameketi kwenye kiti cha mbao upande wa wanaume, kama mwoaji anavyoketi. Shingoni alivaa shanga. Alipomuona Benedikta anakuja na msichana, uso ulimng'aa. Alipoona kamba na ng'ombe, mwanga ule ukapungua.

"Shemeji umechoka kweli," alisema Wanzagi. "Huyu ng'ombe ungemwacha tu, si wa nyumbani? Haya, mwingize zizini na wenzake."

Benedikta alimfunga Shukuru kwenye kichaka nje ya boma. Alivua viatu, akaviweka pamoja, kisigino kwa kisigino, kama anaingia mahali patakatifu. Kisha alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lango la zizi, akashika mti wa juu kabisa.

Hakuna aliyeelewa. Watu walidhani anafungua ili amwingize ng'ombe. Aliutoa mti wa kwanza, akautupa. Akautoa wa pili. Ni Mzee Burito aliyeacha kibuyu kikamponyoka. "Ee! Huyu mwanamke anafanya nini?"

"Esta," aliita Benedikta, "ingia ndani uwaswage. Anza na jike. Dume atafuata."

Esta aliruka ua wa miiba, sketi yake ya shule ya ushonaji ikachanika, akashuka katikati ya pembe. Wanzagi alikuja mbio.

"Shemeji! Umechanganyikiwa? Hao ni ng'ombe wa watu!"

"Ndiyo. Wa watu. Ndiyo maana wanakwenda kwao."

"Utaniaibisha mbele ya wageni!"

"Kaa pembeni, shemeji, usije ukakanyagwa. Utamlaumu marehemu bure kwa kunioa."

Wanzagi alimshika mkono. Benedikta aliutazama ule mkono, akautazama mpaka wenyewe ukaachia. Akautoa mti wa mwisho, na huu hakuutupa. Jike la kwanza lilitoka likisitasita, likanusa hewa, kisha wengine wakasukumana nyuma yake, vumbi likainuka, wanawake wakakimbia na masufuria, wazee wakaparamia ukuta. Pombe ilimwagika. Vijana walianza kutafuta fimbo kuwarudisha, lakini njia ya kutoka bomani ilikuwa moja tu, na katikati ya njia ile alisimama Robi.

Hakuna aliyemuona akiinuka kitini. Alikuwa ameshika fimbo ya mmoja wa vijana, ameiinua juu, na ng'ombe wanakuja kwake. Ng'ombe wake mwenyewe, wanamjua. Akiwapiga usoni watageuka, na vijana watamalizia, na miti itarudishwa, na kila kitu kitakuwa kama kilivyopangwa. Boma zima lilimtazama. Benedikta alisimama langoni na mti wake mkononi, na midomo yake ilikuwa inasema Salamu Maria bila yeye kuiambia.

Robi aliwatazama ng'ombe. Kisha akatazama nyuma yao, pale langoni. Aliona mwanamke mtu mzima ameshika mti. Aliona msichana anatoka katikati ya vumbi, sketi imechanika, ana damu gotini, anaswaga kwa mikono mitupu.

Fimbo ilibaki juu. Ng'ombe wa kwanza akampita kulia, wa pili kushoto. Dume likamgusa bega likapita. Wote wakampita, kama maji yanavyopita jiwe, wakashika barabara.

"Mimi mshenga nimeona," alisema Mzee Burito kwa sauti ya mtu aliyeamshwa ghafla. "Ng'ombe wametoka kwa mkono wa mama, na mwenyewe hakuwarudisha. Nitasema nini mimi?"

Robi aliteremsha fimbo. Alikuja taratibu mpaka alipo Benedikta. Watu walitegemea matusi.

"Siku ile ulikuwa unalia," alisema. "Leo mbona hulii?"

"Siku ile niliogopa kuchapwa."

"Na leo?"

"Leo nilikuogopa wewe, Robi. Tangu Jumamosi nakuogopa. Kabla ya hapo sikuwahi kukuogopa maishani."

Kitu fulani kilipita usoni mwa Robi, na kwa kitambo kidogo sana Benedikta alimuona yule msichana wa kwenye mkeka. Kisha yule msichana akapotea tena.

"Sasa jina langu atalitaja nani?" Robi aliuliza. Hakuwa anagombana. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

Benedikta angependa kumwambia kwamba jina lake limetajwa kila jioni kwa miaka sita ubavuni mwa ng'ombe, na limetajwa leo mbele ya boma zima bila mtu kulitamka. Lakini alikwenda kichakani, akamfungua Shukuru, akamkabidhi mwenzake kamba.

Shukuru hakutaka kwenda. Robi alivuta, ng'ombe akatia kwato ardhini, akageuza shingo kumtazama Benedikta, akalia. Akavutwa tena, akalia tena. Benedikta aliokota kijiti, akamkaribia, akamcharaza mgongoni, yeye ambaye hakuwahi kumpiga hata siku moja.

"Usimpige!" Robi alisema kwa ukali. "Usimpige, Bena. Tutakwenda."

Na walikwenda, Robi mbele na shanga zake, ng'ombe nyuma anageukageuka, kuelekea kule walikotangulia wengine. Pikapu liliwafuata nyuma polepole. Robi hakulipanda. Hakugeuka pia.

Benedikta alisimama mpaka vumbi likalala. Esta alikuja kusimama kando yake, anahema, ananuka zizi. Hawakushikana mikono. Nyuma yao wanawake walianza kuokota masufuria, na mtu mmoja akacheka cheko la woga, kisha wengine.

"Shemeji," alisema Wanzagi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu ambaye usiku huo atakuwa na mengi ya kujieleza. "Basi nirudishie mti wangu."

Benedikta aliangalia mkononi. Alishtuka kuona kwamba bado ameushika.